Maswali ya Wasomaji: Kinanda Kimeingia, Alto Wamepotea

SWALI: Mhariri, ninafundisha kwaya ya watu 32 katika parokia moja mtaani Umoja. Kwa miaka mingi tumeimba kwa kayamba na ngoma tu, na sote tunasoma solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa majina do, re, mi. Mwaka jana waumini walituchangia fedha tukanunua kinanda cha vitufe 61, nasi tukachagua wimbo wa mtunzi Mwingereza John Rutter, “The Lord Bless You and Keep You”, tuuimbe kwa sauti nne: soprano na alto za wanawake, teno na besi za wanaume. Bila kinanda unaimbika vizuri. Kinanda kikiingia, soprano huanza mapema, alto huipoteza nota yao, na besi hawasikiki kabisa. Mpiga kinanda wetu ni kijana hodari anayepiga kwa kusikia, naye anasisitiza kwamba kosa ni la waimbaji. Tuanze wapi kurekebisha? – Mwalimu wa kwaya, Umoja

JIBU: Mwalimu, kabla ya kumtafuta mwenye kosa, naomba uitazame karatasi waliyoishika waimbaji wako. Bila shaka aliyeunakili wimbo huo kwa solfa aliandika mistari minne ya sauti, akaiacha sehemu ya kinanda, na pamoja nayo akaviacha vipimo (vipande sawa vya mapigo ya wimbo) ambavyo kinanda hupiga peke yake huku waimbaji wakisubiri. Ndiyo desturi yetu tangu wamisionari walipotuletea mfumo huu, ambao John Curwen wa Uingereza aliueneza katika karne ya 19. Ulikusudiwa sauti za watu, na kwa kazi hiyo sijaona unaoushinda. Lakini soprano ambaye kwenye karatasi yake wimbo unaanza na neno la kwanza ataanza mara tu asikiapo mlio, kwa kuwa hakuna alama yoyote inayomwambia angoje.

Katika kwaya niliyoimbia teno tuliwahi kuaibika hivyo hivyo mbele ya maharusi. Baada ya siku ile mwalimu wetu alichukua penseli akapitia nakala zote, moja baada ya nyingine, akiandika idadi ya vipimo vya kusubiri ndani ya duara dogo, na pembeni ya kila duara akaweka nota ya mwisho ya kinanda kabla ya sisi kuingia: “so”, “mi”, “do ya chini”. Kazi hiyo ilimla jioni nzima, lakini hatukukosea tena. Nakushauri ufanye vivyo hivyo kabla ya zoezi lijalo.

Sasa nije kwa mpiga kinanda, ambaye nisingependa alaumiwe, kwa kuwa anafanya kile ambacho nyimbo nyingi za kwaya zetu zimemzoesha: kuifuata sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia na besi kwa mkono wa kushoto. Wimbo huu wa mwaka 1981 haukuandikwa hivyo. Kinanda kina sehemu yake, nota zilizovunjwavunjwa zinazotiririka kwa utulivu, na sauti za watu hukaa juu yake kwa nota ndefu. Ni sauti ya tano. Akiupiga uimbaji wenu badala ya sehemu hiyo, soprano watamtegemea yeye, na alto, ambao hawasikii mstari wao ukipigwa kwa uwazi, watavutwa na sauti iliyo kubwa kuliko zote.

Kuhusu alto kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawalizingatii. Mara nyingi alto ndio wanaoishika mi. Kwaya inayosikilizana vizuri bila ala huishusha mi kidogo ili ikae sawasawa na do, na hakuna anayefundishwa kufanya hivyo. Sikio lenyewe huitafuta. Kinanda kimegawanya oktavu, yaani masafa kutoka do hadi do inayofuata, katika hatua 12 zilizo sawa, kwa hiyo mi yake imepanda kidogo: ukiigawa nusu toni (hatua moja kati ya hizo) katika sehemu 100, tofauti hufikia takriban sehemu 14. Alto wako husikia mi mbili kwa wakati mmoja na kusitasita katikati. Katika mazoezi ya mwanzo, mwambie kijana apige do na so peke yake kwa mkono wa kushoto, polepole, alto waijenge mi yao juu ya hizo. Wakishatulia, aongeze nota nyingine kidogo kidogo.

Upo pia ugumu wa ufunguo, yaani nota inayofanywa do. Rutter aliuandika wimbo katika G bemoli (bemoli ni alama inayoishusha nota kwa nusu toni), na nakisia kwamba kijana ameupandisha hadi G kwa kuogopa bemoli sita. Kwaya ya solfa haijali, lakini soprano watahisi ile nusu toni kwenye amina ndefu ya mwisho, koo zikiwa zimechoka. Mwonyeshe jambo hili: katika G bemoli, do, re, mi, so na la zote zinaangukia vitufe vyeusi, na ni fa na ti tu zinazobaki kwenye vyeupe. Mtu aliyelelewa na solfa huuzoea mpangilio huo ndani ya juma moja. Akishindwa, atumie swichi ya kuhamisha ufunguo, aishushe nusu toni na apige kama G, ila akumbuke kuirudisha kabla ya wimbo unaofuata.

Besi kutosikika ni jambo jepesi zaidi. Kinanda chenu kinaishia do iliyo oktavu mbili chini ya do ya katikati, ilhali piano ya vitufe 88 hushuka zaidi ya oktavu nyingine. Nota ya chini isipopatikana, mpiga kinanda huipandisha, nayo huangukia moja kwa moja kwenye nota zile zile wanazoimba besi. Heri aiache. Na spika isiwekwe nyuma ya migongo yao.

SWALI: Je, ni vibaya kutumia midundo iliyomo ndani ya kinanda tunapoimba nyimbo za aina hii? – Mwanakwaya, Kangemi

JIBU: Kwa nyimbo za shangwe sina neno. Kwa wimbo wa utulivu wenye sauti nne, zima. Mdundo wa mashine haumngoji anayevuta pumzi, na mwisho wa ubeti, mwalimu anapoinua mkono ili neno la mwisho lidumu kidogo, mashine itaendelea na kipimo kinachofuata bila ninyi. Mkihitaji msaada wa mwendo, mmoja wenu apige kayamba kwa upole katika mazoezi tu, naye asimwondolee mwalimu macho.