Mwanangu, kabla hujapokea funguo za trela

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara ya kwanza haraka haraka alafu nikaisoma tena taratibu usiku. Unasema umepata nafasi ya kutoka kwenye lori la kusambaza mizigo hapo hapo mjini uingie kwenye trela za masafa marefu, hela inapanda vizuri, ila mtoto bado ananyonya na mkeo hajasema ndio wala hapana, na unachouliza ni kimoja tu, mtu anaweza kufanya hii kazi na bado akawa baba na mume kweli kweli au lazima kimoja kife. Umesema baba yako ulipomuuliza alikujibu "utazoea" akanyamaza. Hilo ni jibu la dereva. Mi nakujibu kama mke wa dereva, alafu pia kama mtu niliyekaa ofisi ya usafirishaji nikipanga safari za madereva wa watu wengine, kwa hiyo haya mambo nimeyaona yakianzia kwenye makaratasi ya mzigo mpaka yanapoishia sebuleni.

Inawezekana, mwanangu. Lakini inategemea sana kitu ambacho vijana hawaulizi wanapopewa kazi, wanauliza mshahara, wanauliza gari ni jipya au la zamani, hawaulizi siku ya kurudi inajulikana au haijulikani. Mke na watoto wanaweza kuzoea baba anayekaa nje siku nyingi, nimeona nyumba nyingi zimezoea na ziko imara. Kinachowamaliza ni baba anayesema Ijumaa akafika Jumanne, na safari ijayo hivyo hivyo, na inayofuata hivyo hivyo, mpaka nyumba inaacha kumngoja. Na nyumba ikishaacha kumngoja mtu, akirudi anakuta kila kitu kimeshapangwa bila yeye, nani anampeleka mtoto kliniki, hela ya nini inatoka lini, hata mtoto akiumia goti anampita yeye anakimbilia kwa mama. Hapo ndio ndoa za madereva zinapoanza kulegea, na wengi wanadhani ni umbali.

Sasa kwanini siku ya kurudi inapotea? Watu wa nje wanadhani muda wote unaliwa na kuendesha. Hapana, unaliwa na kusubiri. Unasubiri kupakia, unasubiri mizani, unasubiri karatasi mpakani, unafika kwa mwenye mzigo unaambiwa ghala limejaa lala hapo nje, alafu ukishashusha unasubiri mzigo wa kurudi kwa sababu hakuna tajiri anayependa trela lake lirudi tupu. Na dereva anayelipwa kwa safari au kwa kilomita, masaa yote hayo ya kusubiri halipwi, kwa hiyo akishaachiwa tu anataka kufidia, anakanyaga usiku kucha, anaruka usingizi, ili awahi safari nyingine. Ukiangalia vizuri utaona kinachomuweka mbali na mtoto wake na kinachomuweka kwenye hatari ya ajali ni kitu kimoja, ni masaa ambayo hakuna anayeyalipia. Kwa hiyo kabla hujasaini chochote uliza, nikisubiri nalipwa au silipwi? Mzigo wa kurudi anatafuta nani, na usipopatikana nakaa huko mpaka lini? Nikirudi napumzika siku ngapi kabla ya safari nyingine, na hizo siku zimeandikwa au ni za mdomoni? Wakikuzungusha kwenye hayo, basi ile hela inayopanda wameshaihesabu kwenye muda wako na mkeo.

Na usione aibu kuuliza eti utaonekana mvivu. Mambo ya muda wa dereva yana sheria kwenye nchi nyingi duniani, sio matakwa yako. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mkataba mwaka 1979, namba 153, unaosema dereva asiendeshe zaidi ya masaa 9 kwa siku wala 48 kwa wiki, asiendeshe zaidi ya masaa 4 mfululizo bila kupumzika, na apate mapumziko ya masaa 10 mfululizo ndani ya siku. Nchi chache ndio zimeuridhia lakini ni kipimo kizuri cha kupimia kazi yoyote utakayopewa. Marekani dereva wa mizigo anaruhusiwa kuendesha masaa 11 baada ya kupumzika 10. Umoja wa Ulaya ni masaa 9 kwa siku, unaweza kufika 10 mara mbili tu kwa wiki, na kila baada ya masaa manne na nusu unasimama dakika 45. Alafu kuna hiki ambacho mi kilinifurahisha sana nilipokisoma, tangu mwaka 2020 huko Ulaya kampuni inalazimika kupanga kazi ili dereva aweze kurudi nyumbani angalau kila baada ya wiki 4, na yale mapumziko marefu ya wiki, masaa 45, haruhusiwi kuyamalizia ndani ya kabini. Yaani kurudi nyumbani kumeandikwa kwenye sheria kama vile matairi na breki zilivyoandikwa. Hata kama wewe hiyo sheria haikuhusu, ukiomba siku zako usiombe kama mtu anayeomba msaada.

Haya, tuseme kazi umeichukua. Njiani kuna jambo moja nataka mkubaliane na mkwe wangu kabla ya safari ya kwanza, kwamba hakuna mtu atakayekuharakisha kufika. Dereva anajiponza kirahisi akiwa anarudi, maana mtoto anangoja na wewe umebakiza kipande kidogo tu unasema ngoja nimalizie usiku huu huu. Mwili una saa yake, kuanzia saa 8 usiku mpaka saa 12 asubuhi unataka kulala utake usitake, na mchana baada ya saa 8 unalegea tena kidogo. Ukikaa macho masaa 17 mfululizo umakini wako unashuka karibu sawa na mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, ukifika 24 ni kama 0.10, na wewe hapo hujaonja hata tone. Kwa hiyo ukipiga simu ukasema "nimechoka nalala hapa nitafika kesho", jibu la mkeo liwe "lala", basi. Asianze kukuambia mtoto alikuwa amevaa vizuri anakusubiri. Nitaongea naye hilo mwenyewe, we usimwambie kama amri.

Simu pia. Mpange muda wa kuongea ukiwa umepaki, hata dakika kumi, na huo muda uulinde kuliko unavyolinda karatasi za mzigo. Usiongee ukiwa kwenye usukani hata kama una hedifoni, mikono iko huru sawa lakini akili iko jikoni kwako. Na habari mbaya zisitumwe kwa meseji ukiwa barabarani, mtoto ana homa, mwenye nyumba amekuja, mjomba amefariki, mkeo aandike tu "ukisimama nipigie" na wewe ukishaiona hiyo usianze kubuni mambo kichwani, tafuta sehemu salama usimame upige. Mi na baba yako tulikuwa na hiyo na ilitusaidia mno.

Cha kuongea ndio watu wengi wanakosea, wanapiga "hamjambo, hatujambo, hela imefika? imefika", wanakata. Hiyo ni ripoti ya ofisi. Muulize vitu vidogo ambavyo ungevijua kama ungekuwepo, yule jirani alirudisha ngazi? Mtoto leo amelala mchana au amekusumbua? Alafu na maamuzi yaje mezani kwenu wote wawili, hata ya kawaida, msibadilishe shule au nyumba ukasikia juu juu. Ila yale ya haraka mpe ruhusa ayaamue mwenyewe na hela ya kuyaamulia awe nayo mkononi, sio mpaka akupigie uko sehemu haina mtandao na mtoto anaungua na homa. Hela ya njia iwe mbali na hela ya nyumba, usizichanganye kabisa, dereva anayekopa posho ya njia kulipia nyumba na kukopa ya nyumba kulipia njia huwa hajui anapata kiasi gani, na mkewe ndio hajui kabisa.

Sasa kurudi. Hapa nataka unisikilize sana kwa sababu ndipo penye ugumu kuliko kuondoka. Unarudi umechoka, umekaa kwenye kabini peke yako siku zote hizo unaamua mwenyewe taa izimwe saa ngapi, alafu unaingia kwenye nyumba yenye kelele na utaratibu wake. Mkeo naye amechoka, amekuwa baba na mama, anakuona mlangoni anasema afadhali, sasa nipumzike. Wote wawili mnamngoja mwenzie ampumzishe, na hapo ndipo ugomvi wa siku ya kwanza unapotokea, tena kwa kitu cha kijinga kama ndoo imewekwa wapi. Kubalianeni mapema, siku ya kwanza ya dereva ni ya kulala, haina mgeni, haina fundi wa kuja kuangalia bati, haina kikao cha ukoo. Siku ya pili ni ya mkeo, wewe unashika mtoto kutwa nzima na yeye anatoka au analala au anakaa tu, asiulizwe anaenda wapi. Usiseme unamsaidia, mtoto ni wako.

Na usiingie kama mkaguzi. Umekuta mtoto analala saa nne wakati wewe unataka saa mbili, nyamaza kwanza, uliza kwanini, pengine kuna sababu iliyotokea ukiwa mbali. Utaratibu uliowekwa na mtu aliyebaki una akili ndani yake. Badilisheni pamoja ukishakaa siku mbili tatu.

Mtoto wenu anakaribia umri wa miezi minane tisa, huo ndio umri watoto wanaanza kuogopa sura wasizozizoea, kwa hiyo jiandae, unaweza ukarudi ukanyoosha mikono akalia akajificha kwa mama yake. Itakuuma. Usimnyakue, wala usimlaumu mkeo kwamba hakuonyesha picha zako. Kaa chini sakafuni karibu nae, shika kitu chake cha kuchezea, ongea na mama yake kwa sauti ya kawaida, atakuja mwenyewe. Ukiwa safarini mtumie sauti yako, umwimbie, umwite jina, mkeo amsikilizishe muda ule ule kila siku kabla ya kulala. Akikua kidogo, mwaka wa pili wa tatu, "siku kumi" kwake ni neno tu, mwekeeni kalenda ukutani awe anachora alama kila siku. Ila kalenda hiyo inarudi pale pale nilipoanzia, ukimchoresha mpaka siku ya mwisho na hufiki, mara mbili tatu ataacha kuchora. Na mkeo asimtishie na wewe, ile ya "ngoja baba yako arudi utaona", mtoto anaanza kuomba safari iwe ndefu.

Kuna la upweke, nalisema mara moja tu kwa sababu we ni mtu mzima. Barabarani kuna usiku mrefu na kuna watu wanaojua madereva wana hela. Unajua ninachomaanisha na unajua magonjwa yapo. Ukiona upweke unakuzidi mwambie mkeo kabla hujamwambia mtu mwingine, atakuelewa kuliko unavyodhani, na yeye nae usiku wake ni mrefu.

Afya pia, kukaa kutwa kunaleta uzito na mgongo, shuka tembea kila ukisimama. Na mkeo akikwambia unakoroma alafu pumzi inakatika kidogo kidogo usingizini usicheke, nenda kapime, kuna ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini na unawapata sana madereva, mtu analala masaa nane anaamka kama hajalala na anashika usukani hivyo hivyo.

Mawazo yangu sasa kwa hali yenu ilivyo. Ningekuwa wewe nisingechukua kazi ya kwenda popote mzigo unapotokea, sio na mtoto wa umri huo. Ningeomba njia moja ya kudumu, inayojulikana kwenda na kurudi, au zile ambazo madereva wanapokezana katikati kila mmoja anageuza kurudi kwake, hata kama malipo ni madogo kidogo. Wakikubali, chukua, na mwekeane na mkeo mwezi wa kukaa chini muangalie imewafaa au la, na yeye akisema haijamfaa iwe imetosha. Wakikataa baki na lori lako la mjini kwanza, mtoto akianza shule utaomba tena, trela hazitaisha.

Uliza hayo maswali wiki hii. Mkataba wakikupa usisaini siku hiyo hiyo, nipigie picha kila ukurasa unitumie, na ile ya nyuma yenye maandishi madogo pia, nimesoma mingi ya aina hiyo najua pa kuangalia. Na jioni nitampigia mkwe wangu, nataka nimsikie yeye mwenyewe anataka nini, wewe usiwepo karibu.

Mama yako