Usiweke picha nyeusi, nenda kwa jirani yako

Ndugu, usiiweke mtandaoni hiyo picha nyeusi tupu ya kuonyesha kwamba unaungana na Wamarekani Weusi. Umeandika kwamba kijana wa jirani yako, mama Mmarekani Mweusi hapo Minneapolis, amesimamishwa barabarani na polisi na kufunguliwa kesi, ukauliza uandike nini mtandaoni na uchangie mfuko upi. Na tayari mwenzetu mmoja amekujibu kwamba picha nyeusi inatosha, kwa kuwa hayo ni mambo ya Wamarekani na sisi wahamiaji tulikuja kutafuta maisha. Maneno hayohayo niliambiwa na wakubwa wa jumuiya yetu mwaka 2020, nikayafuata, nikapoteza rafiki.

George Floyd, Mmarekani Mweusi, aliuawa hapo Minneapolis tarehe 25 Mei mwaka ule, askari polisi Mzungu Derek Chauvin akiwa amemkandamiza shingo kwa goti kwa zaidi ya dakika 9. Siku chache baadaye maduka mengi ya Lake Street, mtaa wa biashara mjini humo, yalikuwa yameungua au yamefungwa, mabasi yamesimamishwa, na mfanyakazi mwenzangu, mama Mmarekani Mweusi aliyenipokea kazini kama mdogo wake, alikuwa na wajukuu nyumbani na hana pa kununulia maziwa. Mimi nilikuwa na gari. Tarehe 2 Juni niliweka mraba mweusi kwenye ukurasa wangu, kama walivyofanya mamilioni siku ile, na kwa kuwa wengi tuliuambatanisha na alama ya reli (hashtag) ya vuguvugu lenyewe, Black Lives Matter, taarifa ambazo waandamanaji walikuwa wakipashana kwa alama hiyo zilizama chini ya miraba yetu. Kisha nikamwandikia yule mama kumwomba anieleze ubaguzi wa Marekani ukoje. Alinijibu kwamba tangu asubuhi alikuwa akiletewa maswali, na hakuna aliyemletea mkate. Hatukuwahi tena kuzungumza kama zamani.

Katika siku hizohizo, shule ya Sanford ya mjini humo iliomba mifuko 85 ya chakula kwa familia za wanafunzi wake, na watu wakaleta maelfu. Hao walifanya jambo ambalo mimi, mwenye gari na tangi lililojaa, sikulifanya.

Anayekuambia kwamba haya si yetu anakupotosha, na hasira yangu kwa walionipotosha haijaisha. Patrick Lyoya alikuwa mkimbizi kutoka Kongo. Aprili 2022 askari polisi wa Grand Rapids, Michigan, alimsimamisha akiwa na gari na hatimaye akampiga risasi ya kichwa, na baba yake aliwaeleza waandishi wa habari uchungu wake kwa Kiswahili, kupitia mkalimani. Askari yule hakuwa na haja ya kujua kama ni Mmarekani au ni mwenzetu.

Gari lako lina kazi kubwa kuliko ukurasa wako. Mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, ambapo Wamarekani Weusi walikataa kupanda mabasi yaliyowabagua, ulianza Desemba 1955 na ulidumu siku 381 kwa sababu watu walitembea kwa miguu na kubebana kwa magari kila siku. Mchungaji Mzungu Robert Graetz alikuwa miongoni mwa madereva hao, na hakuacha hata nyumba yake ilipolipuliwa kwa bomu.

Kwa hiyo kesho jioni piga hodi kwa huyo mama, mpe pole, umwambie siku ambazo huna zamu. Muulize kesi itatajwa lini na kama ana usafiri wa kufika mahakamani. Akikubali, mpeleke, ukae naye ndani mpaka jina la mwanawe liitwe. Akikataa, mwachie namba yako ya simu uondoke, na usimwombe akueleze lolote.