.deb ya haraka au ya utaratibu? Haya ndiyo yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama utengeneze .deb (kifurushi cha kusakinisha programu kwenye Debian na Ubuntu) ya programu yako kwa fpm, zana ya kufunga vifurushi haraka, dakika tano umemaliza, au ukae wiki nzima ujifunze debhelper, zana za Debian wenyewe za kujenga vifurushi, na taratibu zao. Njia zote mbili nimezipita, na kabla yake nilipita ya tatu iliyo mbaya kuliko zote.

Siku hizi najiuliza swali moja tu: nikikosea hapa, nani ataumia? Kama ni mimi ninayejenga, narahisisha. Kama ni mwenye mashine, sirahisishi hata kidogo.

Nilikuwa na programu ya mauzo kwa maduka madogo. Kifurushi nilikijenga kwa mkono: folda, faili la control (maelezo ya kifurushi) ndani ya DEBIAN, halafu `dpkg-deb --build`. Kikaingia vizuri kwa kila mteja. Faili la mipangilio lilikaa /etc, na mama mmoja mwenye duka la dawa alikuwa amebadilisha humo anwani ya printa. Nikatoa toleo jipya. Akasasisha Jumatatu asubuhi, na mipangilio yake yote ikafunikwa na ile yangu ya mwanzo. Dpkg, programu inayosakinisha .deb, haikumwuliza kitu, kwa sababu sikuwa nimeiambia kwamba faili lile ni conffile, yaani faili la mipangilio la kulindwa. Mstari mmoja tu ndani ya DEBIAN/conffiles ungetosha: dpkg ingeona faili limeguswa, ingeliacha lilivyo, au kama na langu limebadilika, ingemwuliza abaki na lake au achukue jipya. Nilikaa naye kwenye simu karibu saa mbili, huku wateja wake wamesimama kaunta wanasubiri risiti. Bado inaniuma. Debhelper hutia alama hiyo yenyewe kwa kila faili lililo /etc, fpm pia hivyo hivyo. Kwa hiyo kujenga kwa mkono, achana nako kabisa.

Nikahamia fpm. Ni ya haraka kweli, sina ugomvi nayo. Ila haichunguzi binari yako (faili la programu linaloendeshwa) inategemea maktaba zipi. Vitegemezi unavitaja mwenyewe kwa `--depends`. Mimi niliandika `libc6`, basi, bila toleo. Nikajenga kwenye laptop ya Ubuntu 22.04, yenye glibc (maktaba kuu ya mfumo, ndiyo hiyo libc6) 2.35. Mteja alikuwa na 20.04, ambayo ni 2.31. Kifurushi kikaingia kimya kimya, alipoifungua programu akapata hii:

version `GLIBC_2.34' not found

Debhelper inapojenga huita dpkg-shlibdeps, na hiyo husoma binari yenyewe kisha ikaandika `libc6 (>= 2.34)`. Apt, inayokagua vitegemezi kabla ya kusakinisha, ingekikataa kifurushi mlangoni na toleo la zamani lingeendelea kuuza. (Nasema apt. `dpkg -i` hukifungua kwanza ndipo ilalamike, na hapo toleo la zamani limeshaondoka. Wateja wako wafundishe `apt install ./faili.deb`.) Ukipenda kubaki na fpm, unaweza kuiita dpkg-shlibdeps peke yake kwa `-O`, ukiwa na debian/control fupi, halafu majibu yake uyapeleke kwenye `--depends`. Na jenga ndani ya kontena (kama Docker) ya mfumo wa zamani kuliko yote unayoihudumia: glibc mpya huendesha binari iliyojengwa kwa ya zamani, kinyume chake hapana.

Kosa jingine la kimya ni namba ya toleo. Ukiwapa wajaribuji `2.0-beta1`, kisha ukatoa `2.0`, kwa dpkg ile beta ndiyo mpya zaidi. Hawatasasishwa. Andika `2.0~beta1`, alama ya `~` hupangwa kabla ya kila kitu.

Sasa urahisi uko wapi? Lintian, kikaguzi cha vifurushi cha Debian, ikikulalamikia kwamba huna ukurasa wa man (mwongozo), au kwamba faili la copyright halijakaa kwa mpangilio wao, na unasambaza kwenye hazina yako mwenyewe, endelea na safari. Debian wanakataza kuvuta vitu mtandaoni wakati wa kujenga. Wana sababu nzuri, lakini mtu mmoja mwenye programu moja anaweza kusubiri hilo. Usichosubiri ni libssl, maktaba ya usimbaji ya OpenSSL: usiibebe ndani ya kifurushi chako. Heartbleed, tundu la usalama ndani ya OpenSSL, ilipotangazwa Aprili 2014, waliotumia ya mfumo walisasisha mara moja, wakawasha upya huduma zao, tundu likazibwa. Aliyekuwa na nakala iliyofungwa ndani ya programu ilibidi amsubiri mtengenezaji wake.

Na hiyo wiki nzima unayoiogopa sivyo ilivyo. debian/rules yangu, faili la maagizo ya kujenga, ni mistari mitatu hadi leo (dh ni amri ya debhelper):

#!/usr/bin/make -f
%:
	dh $@

Huo wa tatu uanze na tab, si nafasi. Ukikwama kwenye debian/control, ibandike hapa tuitazame.