Canter Inachoka Mlimani: Maswali Yenu Kuhusu Dizeli

Barua nyingi za safari hii ni za malori ya zamani yenye pampu ya kimakanika (ile kubwa inayosukuma dizeli kwenye nozo, yaani vinyunyizi vya mafuta vya injini), na karibu zote zina sentensi moja: "fundi anasema pampu imekufa."

SWALI: Salaam mafundi. Nina Canter yenye injini ya 4D33, inapeleka viazi Dar es Salaam. Bila mzigo haina tatizo. Ikipakiwa, kwenye mwinuko mrefu inaanza kuchoka, unakanyaga mafuta haisikii, mwisho inazima. Mkipumzika dakika kumi inawaka na kwenda vizuri, kisha inarudia. Fundi anataka kushusha pampu. Nimruhusu?
— Msomaji, Makambako

JIBU: Bado. Gari linalozima kwa njaa ya mafuta kisha likapona kwa kupumzika tu, kwanza lishukiwe kuwa na kizuizi kati ya tanki na pampu. Uchafu ulio chini ya tanki huvutwa hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea na kuuziba. Injini ikizima, mvuto unaisha, uchafu unadondoka, njia inafunguka. Bila mzigo injini inakula mafuta kidogo, ndiyo maana hulioni tatizo.

Anza na jambo lisilo na gharama. Siku likizima, fungua mfuniko wa tanki hapohapo. Ukisikia tanki linavuta pumzi, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Dizeli inatoka, hewa ya kujaza nafasi haiingii, na pampu ndogo inayonyonya dizeli toka tankini inashindwa kuvuta. Safisha tundu hilo. Wengine hufunika tanki kwa mfuko wa nailoni na mpira baada ya mfuniko kuibiwa, halafu wanashangaa.

Mfuniko ukiwa mzima, fanya jaribio la dumu. Tafuta dumu safi la lita 20, litie dizeli, lifunge imara pembeni ya kabini, mbali na ekzosi. Chomoa mpira unaotoka tankini kuingia kwenye pampu ndogo ya kuvutia, weka mpira mwingine unaochota kwenye dumu. Mpira wa kurudisha nao uelekeze humohumo, kwa sababu pampu ya aina hii hurudisha mafuta mengi na dumu litakauka kabla hujafika mlimani. Toa upepo kwenye mfumo (namna yake iko kwenye jibu la msomaji wa Voi), kisha panda na mzigo. Gari likivuta, pampu yako ni nzima na kazi iko kwenye tanki na mabomba yake. Lisipovuta, umehama upande: sasa angalia pampu ndogo, filta na vali ya kurudishia.

Kusafisha tanki kunataka subira kuliko nguvu. Tumia mafuta hadi ibaki robo, egesha mahali tambarare usiku kucha ili maji na tope vitulie chini. Asubuhi, kabla ya kulitikisa gari, fungua nati ya chini ya tanki na ukinge kwenye chombo kinachoonyesha. Maji yatatoka kwanza, yakifuatiwa na tope. Ukiona utando mweusi au wa kahawia unaoteleza kama kamasi, hao ni vijidudu wanaoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Kuosha pekee hakuwamalizi. Utahitaji dawa ya kuua vijidudu vya dizeli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na wakishakufa watakuja kuziba filta, kwa hiyo uwe na filta ya akiba.

Shusha tanki, toa geji na bomba la kunyonyea, na usafishe kichujio cha waya kilicho mdomoni mwake. Tia lita 5 za dizeli safi, tikisa, mwaga, rudia hadi inayotoka ifanane na iliyoingia. Usioshee petroli: mvuke wake unalipuka. Maji na sabuni si vizuri, maana tone likibaki kwenye mshono wa bati litarudi kama kutu. Tanki linalovuja lisiguswe na moto wa kuchomelea, hata kama linaonekana kavu. Mvuke unaobaki ndani unatosha kulipasua, kwa hiyo mpe fundi wa matanki anayejua kulifukiza kwanza. Na ukinunua bomba jipya, usikubali lililopakwa zinki, kwa sababu zinki huingiliana na dizeli na kutengeneza sabuni inayoziba filta.

Mabomba yapulizwe kutoka upande wa injini kwenda nyuma, yakiwa yamechomolewa pande zote mbili, kwa upepo wa bar 2 hivi. Ukipuliza yakiwa bado yameshika kwenye filta au pampu ndogo, unasukumia uchafu mahali ulipokuwa unauzuia usifike.

Kuna vitu viwili ambavyo gereji nyingi huvisahau. Kwenye bolti yenye tundu inayoingiza mafuta katika pampu ndogo, mara nyingi kuna kichujio kidogo cha waya, hakizidi ncha ya kidole. Kikijaa nyuzi za matambara, gari linachoka vilevile hata baada ya filta mbili mpya. Kingine ni vali ya kurudishia kwenye pampu kubwa. Kwa nje ni bolti kama nyingine, lakini ndani ina springi inayobakiza msukumo ndani ya pampu. Springi ikilegea, au mtu akiweka bolti ya kawaida mahali pake, mafuta yanarudi tankini badala ya kujaza pampu. Linganisha bolti zako kabla ya kununua chochote.

Baada ya kazi yote hii, badilisha filta, kisha ibadilishe tena baada ya kilomita 1,000. Tope lililolegea litaendelea kuja kwa muda.

SWALI: Nilibadilisha filta ya dizeli mwenyewe, sasa gari haiwaki. Nimepiga stata mpaka betri imekwisha. Nimeharibu nini?
— Msomaji, Voi

JIBU: Hujaharibu kitu, ila stata umeitesa. Mfumo umejaa upepo, na upepo hubanwa tu: pampu inausukuma, unajikunyata, nozo haifunguki.

Chaji betri. Legeza skrubu ya juu ya nyumba ya filta mizunguko miwili, piga pampu ya mkono, ile ya kubonyeza iliyo kwenye pampu ndogo, hadi dizeli itoke bila povu, kaza huku bado unapiga. Rudia kwenye skrubu ya pampu kubwa. Hapo pampu ya mkono inaanza kuwa ngumu, ndiyo ishara unayoitaka. Kisha legeza nati za mabomba ya chuma kwenye nozo, zote nne, nusu mzunguko. Mtu mmoja apige stata kwa sekunde 10 hadi 15, apumzike dakika nzima, apige tena. Dizeli ikichuruzika kwenye nati zote, kaza na uwashe. Mikono na uso viwe mbali na mabomba hayo: dizeli ya kwenye nozo hutoboa ngozi bila maumivu makubwa, na aliyetobolewa aende hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Kama pampu ya mkono haiwi ngumu kabisa, upepo unaingia mahali fulani nyuma yake. Usitafute tone la mafuta. Upande huu unanyonya, kwa hiyo penye ufa hewa inaingia ndani na nje panabaki pakavu. Funga kipande cha mpira unaoonyesha kabla ya pampu ndogo uone mapovu. Washa (vipete bapa) za shaba za kwenye bolti zilizofunguliwa ziwe mpya, na klipu zilizolegea zibadilishwe. Gari linalowaka kwa shida asubuhi tu, baada ya mafuta kurudi tankini usiku, mara nyingi ndiyo hadithi hiyo.

Usiimwagie filta mpya dizeli kwenye tundu la katikati. Hapo mafuta hayachujwi tena, yanaenda moja kwa moja kwenye pampu ambayo nafasi kati ya pistoni na silinda yake ni maikroni (elfu moja za milimita) chache tu. Unywele wako una maikroni kama 70.

SWALI: Lori inatoa moshi mweusi. Fundi mmoja anasema nozo zote zibadilishwe, mwingine anataka kuzungusha skrubu ya nyuma ya pampu. Nani mkweli?
— Msomaji, Kahama

JIBU: Yule wa skrubu mwambie aiache. Skrubu hiyo hupimwa kwenye mashine, na ikizungushwa kwa sikio joto la ekzosi linapanda na pistoni ndizo zinazolipa.

Fungua ea klina (kichujio cha hewa) kwanza. Injini isiyopata hewa hutoa moshi mweusi hata kama nozo ni mpya. Kisha, injini ikiunguruma polepole, legeza nati ya bomba la nozo moja baada ya nyingine, ukiifunika kwa kitambaa kinene. Silinda ambayo ukiikata mlio haubadiliki ndiyo mbovu, au ukiikata moshi unapungua, nozo yake ndiyo inakojoa.

Zitoe zote zipelekwe kwa fundi nozo, mkae naye. Kwenye mashine, nozo za injini za kuchoma moja kwa moja (dizeli hunyunyizwa ndani ya silinda yenyewe) hufungua kati ya bar 180 na 250 kutegemea aina, na kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha injini. Nozo itoe ukungu, si michirizi. Ukishikilia msukumo bar 20 chini ya ule wa kufungulia, ncha isitone kwa sekunde 10. Masizi yatolewe kwa brashi ya shaba, kamwe si ya chuma. Sindano na mwili wake vimesagwa pamoja, visichanganywe na vya nozo nyingine. Wakati wa kurudisha, chungulia mashimo: washa ya zamani ikibaki chini na mpya ikawekwa juu, nozo inakaa juu zaidi na kunyunyizia pasipo mahali pake.

SWALI: Ni kweli mafuta ya taa yanasafisha mfumo wa dizeli?
— Msomaji, Mbeya

JIBU: Hapana. Pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi mno. Yanasaga pistoni za pampu, kisha injini ikiwa ya moto inakataa kuwaka. Hapo sasa ndipo pampu inakuwa imekufa kweli. Uchakachuaji wa aina hiyo uliifanya Kenya mwaka 2018 kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili asiyapende mchanganyaji. Chupa ya kioo itakuonyesha maji yakitulia chini, lakini mafuta ya taa yaliyochanganywa hutayaona kwa macho. Nunua kituo kimoja unachokiamini na utunze risiti. Oili ya gia ikitiwa tankini nayo haioshi nozo.

SWALI: Oili ya injini inapanda badala ya kupungua. Inawezekana?
— Msomaji, Tunduma

JIBU: Inawezekana, na usiliendeshe. Nusa kijiti cha kupimia: ikinuka dizeli, oringi (pete za mpira) za pampu ndogo au pistoni za pampu kubwa zinavujisha ndani. Kwako wewe, tofauti na msomaji wa Makambako, pampu zote mbili zishuke leo, na oili imwagwe yote kabla injini haijawashwa tena.