Mzee wa Herufi: Kalamu Nyekundu Imekosea

SWALI: Shikamoo Mzee wa Herufi. Mimi na shemeji yangu tumenuniana kwa sababu ya chemshabongo. Tuliulizwa tutaje maneno kumi ya Kiingereza yenye herufi M, Y, T na H. Nikaandika myth, mythical na mythology, kisha nikakwama. Yeye akaongeza monthly na chemistry. Nikayakata kwa kalamu nyekundu, maana humo herufi zimetawanyika ovyo. Nani kakosea? Na maneno ya namna hii yanapatikanaje bila kupekua kamusi nzima?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umekosea wewe, na shemeji yako anadai maneno yake mawili.

Swali lilisema "yenye herufi". Halikusema zifuatane wala zishikane. Chemistry ina M, ina Y, ina T, ina H. Sasa kosa lake nini? Wewe ulijibu swali jingine kabisa, lile linalotaka MYTH zikae pamoja kwa mpangilio huohuo. Kwa swali hilo ungekuwa sahihi, na ndiyo maana ulikwama: nje ya ukoo wa myth hakuna pa kwenda. Kungekuwa na sharti la kutumia herufi hizo nne tu, zote, kila moja mara moja, basi jibu lingekuwa moja, myth, mkalale. Na wachezaji wa Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, wana swali lao la nne: wana vipande saba mkononi, wanatafuta neno lolote linalotoka humo hata kama vingine vitabaki. Kwa herufi zako wangeokota my na thy bila kuona haya. Nimesoma prufu, yaani karatasi za kukaguliwa makosa kabla ya kuchapwa, miaka mingi, na ugomvi mwingi wa chemshabongo niliouamua ulikuwa wa watu wawili wanaojibu maswali tofauti.

Tuje kwenye kutafuta. Usiziandike herufi kwenye mstari mmoja. Ukiandika M Y T H, jicho linasoma myth na kugoma kuona kingine. Mimi huzipanga kwa duara, au hukata vikaratasi nikavichanganya mezani. Kisha natafuta nani anapenda kukaa na nani. Kwa Kiingereza T na H ni mapacha, kwa hiyo ziunganishe kwanza, ila usizifunge kamba: kwenye chemistry zimeachana na neno limesimama vizuri. Y nayo ina makao mawili anayoyapenda. Aidha yuko mkiani, kama kwenye monthly, smoothly, smithy, au yuko katikati ya maneno yenye asili ya Kigiriki: rhythm, thymus, amethyst. Sympathy amekaa kote kuwili. Hesabu sasa: matatu yako, mawili ya shemeji, na haya sita mapya. Kumi mmeyapita.

Kuna mtego mmoja unatunasa sisi wa Kiswahili. Maneno yetu huishia kwa irabu, basi jicho linazoea kuitafuta irabu kila baada ya hatua moja au mbili. Tena tuna mtu, mti, mtoto, kwa hiyo mkono unaitanguliza M na kuibandika T nyuma yake. Kiingereza hakianzi neno hivyo, na hata katikati au mwishoni M na T hushikana kwa nadra: dreamt, warmth, tomtit. Upande mwingine, strengths ina herufi tisa na irabu moja peke yake. Nilipoiona mara ya kwanza kwenye prufu nilidhani mpiga chapa amekula herufi, nikatia alama ya kosa. Mhariri alinirudishia karatasi bila neno.

Mkiwa na kompyuta na orodha ya maneno kwenye faili, mambo ni mepesi zaidi. Amri ya grep, iliyotoka kwenye mfumo wa Unix miaka ya 1970, inatosha:

grep m maneno.txt | grep y | grep t | grep h

Hayo ni machujio manne, moja chini ya jingine. La kwanza linabakiza maneno yenye M, la pili linachuja yaliyobaki na kuacha yenye Y, hivyohivyo hadi chini. Mpangilio wa herufi haujali. Ila swali likitaka H mbili, usiandike grep h mara mbili ukadhani umemaliza. Chujio la pili litayapitisha yaleyale. Andika grep 'h.*h', yaani H, kisha chochote, kisha H nyingine. Hapo rhythm inabaki na monthly inadondoka.

Kwa lile swali la kutumia herufi zote bila kubakiza, panga herufi za neno kialfabeti. Retains ikipangwa inakuwa AEINRST. Nastier nayo AEINRST, na retinas vilevile. Yenye mpangilio mmoja ni ndugu. Herufi saba tofauti zinaweza kupangwa kwa namna 5,040, na hakuna haja ya kujaribu hata moja: panga kila neno la orodha mara moja tu, kisha linganisha.

SWALI: Mzee, lipo neno la Kiingereza lenye irabu zote tano kwa mpangilio wake, A mpaka U?

JIBU: Lipo. Facetious, na abstemious pia. Ukiongeza ly kwenye la kwanza unapata na Y kwa nyuma. Usipojali mpangilio kuna education, lakini ninayoipenda ni sequoia, ule mti mkubwa: herufi saba, na ukitoa irabu zinabaki S na Q tu.