Modeli za mafuriko: ya kifizikia au ya kitakwimu?

SWALI: Katika mkutano wa wakazi mtaani kwetu Mukuru, mhandisi aliyesoma ripoti ya mafuriko alitaja modeli ya kifizikia na ya kitakwimu kana kwamba sote twazifahamu. Zinatofautianaje, na ipi ya kuaminiwa? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Modeli ya mafuriko ni hesabu ya kukadiria ukubwa wa mafuriko. Ile ya kitakwimu huanzia kwenye kumbukumbu za vipimo vya mto. Mtaalamu huchukua mtiririko mkubwa kuliko yote wa kila mwaka, akatafuta mgawanyo wa uwezekano (kanuni ya hisabati inayoonyesha kila kiwango kina uwezekano gani wa kutokea) unaolingana nayo, kwa mfano ule uitwao Gumbel, kisha akakadiria mafuriko ambayo uwezekano wa kufikiwa au kupitwa katika mwaka wowote ni asilimia 1. Hayo ndiyo mafuriko ya miaka 100, ingawa anayeishi kando ya mto kwa miaka 30 ana uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyaona walau mara moja.

Modeli ya kifizikia huanza na mvua yenyewe na kuifuata inaponywea ardhini au kutiririka juu ya lami hadi mtoni, kwa kanuni za uhifadhi na mwendo wa maji. Usidhani, hata hivyo, kwamba kanuni hizo hujitosheleza. Ile ya Darcy ya 1856, inayoeleza jinsi maji yanavyopita ardhini, ilitokana na majaribio ya kupitisha maji kwenye mchanga, ilhali udongo mweusi wa Embakasi hupasuka wakati wa kiangazi, na mvua za kwanza huzama kupitia nyufa kabla udongo haujavimba na kuziziba. Kwa hiyo mtaalamu hulazimika kurekebisha vigezo, yaani namba zinazoiongoza modeli, mpaka matokeo yakaribiane na vipimo vya mtoni, na hapo takwimu huwa zimerudi kwa mlango wa nyuma. Kati ya hizo mbili zimo modeli dhahania, zinazolichukulia bonde la mto, yaani eneo lote ambalo maji yake huishia mtoni, kama matangi yanayomwagiana maji.

Kwa mto wa jijini, mimi ningeegemea ya kifizikia. Ya kitakwimu, katika umbo lake la kawaida, huchukulia kwamba bonde halijabadilika, nalo bonde la Mto Ngong, unaopita Mukuru, limejengwa sana, hivi kwamba vipimo vya zamani haviwakilishi mto wa leo. Muulize mhandisi wenu alitumia vipimo vya miaka ipi, na kama aliijaribu modeli yake kwa mafuriko ambayo hakuyatumia kuirekebisha, mathalani yale ya Aprili na Mei 2024.