Babu mmoja, makabila matatu

Swali: Assalaam aleikum. Nakusanya nasaba ya upande wa baba, Unguja. Babu ameandikwa Mswahili kwenye cheti cha kuzaliwa cha baba cha 1926, Mhadimu kwenye cha shangazi cha 1933, na Mshirazi kwenye cha ami mdogo cha 1949. Jina lile lile, mtaa ule ule. Nani alikosea? Na je, kwenye sensa za zamani nitampata?

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Nianze na sensa. Ripoti za 1924, 1931 na 1948 zilichapisha jumla za watu, majina hayamo, kwa hiyo babu humpati humo. Lakini usiziache, maana ndizo zinazoeleza vyeti vyako.

Mwaka 1924 watu zaidi ya 33,000 wa Unguja na Pemba walihesabiwa kuwa Waswahili. Miaka saba baadaye walibaki kama 2,000 tu. Hakuna maradhi yaliyowamaliza wala jahazi lililowahamisha. Walijitaja kwa jina jingine. Muda huo huo Waarabu walipanda kutoka chini ya 19,000 hadi zaidi ya 33,000, na uzazi peke yake haufikishi idadi hiyo. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku 1897. Wengi waliotoka utumwani, Wayao, Wanyasa, Wamanyema wa bara, walijiita Waswahili ili wahesabike wenyeji wa visiwa. Kisha jina lenyewe likaanza kunukia utumwa, na wenye njia ya kuliacha wakaliacha.

Uhadimu na Ushirazi haupingani. Wahadimu wa kusini na mashariki ya Unguja, kama Watumbatu wa kaskazini, wengi wao hujihesabu Washirazi, yaani watu wenye asili ya Shirazi, Uajemi, na jina hilo lilipata nguvu zaidi baada ya Shirazi Association kuundwa Pemba karibu na 1940. Vita vya Pili vya Dunia vikaja na mgao wa chakula uliofuata asili ya mtu. Kabila la kwenye karatasi likawa na uzito hadi jikoni: nani apate mchele, nani apewe unga wa mahindi.

Kwa hiyo sioni aliyekosea. Cheti kinakuonyesha alivyojitambulisha babu mbele ya karani mwaka ule, au karani alivyomkadiria. Cha kufuatilia ni kile cha 1926. Huenda alikuwa Mhadimu aliyehamia mjini akaitwa Mswahili kama jirani zake. Huenda pia wazee wake walitoka bara. Vyeti vitatu havitoshi kuamua, nami sitakuamulia.

Nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, uulizie hati za wakfu na mirathi za mtaa huo. Wenye mali waliwawekea wakfu wahuru wao, yaani watumwa waliowaacha huru, na humo mtu hutajwa pamoja na aliyemwacha huru. Ukikuta jambo hilo, zungumza na shangazi faraghani kwanza, kabla ya kulitangaza kwenye kikao cha ukoo. Kuna wazee walioficha maisha yao yote, na walikuwa na sababu.

Kwenye shajara yako ya nasaba andika makabila yote matatu, kila moja na mwaka wake. Halafu muulize shangazi mama yake babu amezikwa kijiji gani, na wakati wa mwaka kogwa, sherehe ya mwaka mpya, kama walikuwa wakienda Makunduchi, walifikia nyumba ya nani.